Kliniki ya Kunde

Katika taasisi ile ya utafiti wa udongo, chumba cha mwisho kwenye korido, kile kilichopakana na choo cha wanaume, kilikuwa cha Mama Vijidudu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye hati ya mshahara na hakuna pengine palipolihitaji. Kwa miaka tisa mwanamke huyo alikuwa akizunguka kwenye mabonde yaliyoharibiwa na chumvi, mahali ambapo hata magugu hufa moyo, akichota udongo kwa kijiko na kuutia kwenye mifuko. Alikuwa akitafuta bakteria.

Ukimuuliza kama ni bakteria wa magonjwa alikuwa tayari kukununia wiki nzima. Wake walikuwa watu wa maana. Waliishi kwenye mizizi ya kunde na jamaa zake, wakajijengea vinundu vidogo, na humo wakaikamata naitrojeni ya hewani, ambayo imejaa tele lakini mmea haujui kuila, wakaigeuza chakula na kumlipa mwenye nyumba. Bakteria wengi wa ukoo huo wakionja chumvi kidogo tu, kwisha habari yao. Lakini Mama Vijidudu alikuwa na aina moja aliyoipata chini ya kichaka kilichosimama peke yake katikati ya uwanda mweupe, na hao ukiwamwagia maji ya chumvi wanazidi kuchangamka. Aliwaweka kwenye vichupa ndani ya jokofu, akiwakagua kila asubuhi kabla hajavua viatu vya barabarani. Tusifichane: aliwapenda kuliko baadhi ya mawifi zake.

Shida ilikuwa Mkurugenzi mpya. Huyu alikuwa mtu wa kuamini anachokiona. Siku ya kwanza alipopita kukagua vyumba, aliinua kichupa kimoja, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza juu chini.

"Sioni kitu," alisema.

Mama Vijidudu akamweleza kwamba bila hadubini hawaonekani. Mkurugenzi akajibu kwamba hilo ndilo tatizo la mambo mengi katika taasisi hii. Wiki iliyofuata ikaja barua: chumba kitakuwa ghala la viti vya mikutano, isipokuwa kama mhusika ataonyesha, kwa macho, kwamba vitu vyake vinafanya kazi. Jokofu nalo likapata mchumba mara moja. Mkuu wa kantini alikuja na utepe wa kupimia, akapima urefu na upana, akahesabu kimoyomoyo kreti za soda, kisha akavitazama vile vichupa vya miaka tisa na kuuliza kwa upole kama huwa vinarudishwa kiwandani.

Basi Mama Vijidudu akapiga moyo konde. Alijaza udongo wa chumvi kwenye vyungu ishirini na vinne vya plastiki, udongo ambao kwanza aliupika kwa mvuke ndani ya pipa ili asibaki kijidudu wa kuingilia kazi za watu. Akapanda kunde. Vyungu kumi na viwili akavifunga utepe mwekundu. Hivyo vingepewa bakteria. Kumi na viwili akavifunga utepe mweupe. Hivyo visingepewa kitu. Vyote vingenyweshwa maji yaleyale yenye chumvi ileile. Mwisho wa majuma manane wekundu wawe kijani na weupe wawe manjano, na Mkurugenzi aone kwa macho yake mawili mpaka atosheke. Kwa kuwa paa la banda la mimea la taasisi lilikuwa limechanwa na upepo tangu mwaka juzi, vyungu akavipanga nyumbani kwake, uani, kati ya kamba za nguo na tangi la maji.

Na nyumbani kwake kulikuwa na mamamkwe.

Mtaa mzima ulimwita Nesi. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne katika kliniki ya mama na mtoto, na nusu ya watu wa mtaa ule walikuwa wamepita chini ya sindano yake. Mpaka leo wanaume wazima wenye ndevu wakikutana naye sokoni hushika mkono wa kushoto bila kujijua. Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye nyumbani alionekana kama mwezi mwandamo, akaja na sanduku moja. Ndani ya sanduku mlikuwa na nguo chache na maboksi matatu ya kadi za kliniki za mtindo wa zamani, ambazo wizara ilikuwa imeagiza zitupwe. Nesi hakuwa mtu wa kutupa karatasi nzima.

Yeye na mkwewe walielewana vizuri. Miaka kumi na mmoja ya ndoa ilikuwa imepita na nyumba ile haikuwa na mtoto, na Nesi, ambaye maisha yake yote alikuwa akipima matumbo ya watu, hakuwahi hata siku moja kuliuliza swali lile. Mama Vijidudu alimshukuru kwa hilo, kimyakimya, kila sikukuu ambapo mawifi walikuja wakauliza kwa niaba yake.

Siku ya kuwapa kunde bakteria, Nesi alivuta kigoda akakaa kutazama. Mama Vijidudu alivuta maji ya vijidudu kwa bomba la sindano, akadondosha kwenye shina la kila mche wenye utepe mwekundu. Nesi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mkono wa mkwewe haukutetemeka. Miche yote kumi na miwili ilipokwisha, Mama Vijidudu akaanza kuosha vyombo.

"Na hawa wenye mweupe," Nesi akauliza, "zamu yao ni kesho?"

"Hao hawapewi, Mama. Hao ni wa kulinganishia."

Nesi akanyamaza. Mama Vijidudu angekuwa makini angeuogopa unyamavu ule, maana waliomjua Nesi kazini walikuwa wakisema afadhali akugombeze.

Miche ilipotimiza majuma mawili, ikaja barua nyingine. Mama Vijidudu alitakiwa kwenda mafunzo ya majuma sita katika mji mwingine, na kwa kuwa barua ilisainiwa na Mkurugenzi mwenyewe, kukataa ilikuwa ni kumwaga unga. Akamwandikia Nesi maelekezo kwenye karatasi na kuibandika ukutani: maji ya chumvi kutoka ndoo ya bluu, kikombe kimoja kwa kila chungu, asubuhi, basi. Neno "basi" alilipigia mistari miwili.

Kila Jumapili alipiga simu kuuliza watoto wanaendeleaje, akijua hilo ndilo neno ambalo Nesi angelitumia. Nesi alijibu kwamba wote ni wazima, wanaongezeka, isipokuwa wachache walipata homa kidogo lakini asitie wasiwasi, iko mikononi mwake. Mama Vijidudu akadhani mamamkwe anapiga chuku kama kawaida ya wazee wanaokaa peke yao. Akacheka, akalala vizuri.

Akarudi Jumanne mchana. Mkurugenzi alikuwa na miadi ya kuja Alhamisi. Mama Vijidudu hakukaa hata kunywa maji. Alipitiliza na begi lake begani mpaka uani, akasimama, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Uani palikuwa kijani kitupu. Wenye utepe mwekundu kijani, wenye utepe mweupe kijani, wamechanganywa pamoja kama watoto kwenye benchi la kliniki, na kila chungu kimefungiwa kwa uzi kadi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Aliangalia utepe, akaangalia majani, akarudia utepe. Miaka tisa ikampita mbele ya macho ikielekea kwenye kreti za soda.

Nesi alitoka jikoni akijifuta mikono, uso umejaa furaha ya mtu anayengoja kupongezwa. Alianza kueleza bila kuficha, kwa sababu hakuona la kuficha. Wiki moja tu baada ya mkwewe kuondoka, wale wenye mweupe walianza kufifia, wakawa manjano, wakadumaa, na wenzao pembeni wananawiri. Yeye hakulelewa hivyo. Akafungua kliniki. Kila Jumatatu aliwachanja watatu: anachota kijiko kimoja cha udongo karibu na mizizi ya mwekundu mwenye afya, anakifukia kwenye mizizi ya mweupe, anaandika kwenye kadi.

"Na kijiko nilikichemsha kila safari," alisema. "Usidhani nimefanya uchafu."

Mama Vijidudu akaketi juu ya begi lake.

"Umeniua, Mama," alisema. "Nani alikutuma?"

Maneno hayo, mkwe kwa mamamkwe, hayana pa kurudishiwa. Nesi akazikunja pembe za khanga yake, akasema chakula kiko mezani, akaingia chumbani kwake na kurudisha mlango taratibu. Mama Vijidudu alijisikia vibaya papo hapo, lakini alikuwa na hasira bado, na hasira ya mtafiti aliyeharibiwa jaribio haina adabu.

Jumatano walipishana ndani ya nyumba kama wapangaji. Nesi aliwanywesha watoto asubuhi, kikombe kimoja kila mmoja, kutoka ndoo ya bluu. Mama Vijidudu alishika tama mezani akijaribu kutunga maneno ya kumweleza Mkurugenzi. Ilipofika saa kumi jioni hakuwa na sentensi hata moja, ila alikuwa na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya. Alichukua mkasi akatoka uani. Angepunguza majani kidogo tu kwa wale weupe. Angewanyunyizia chumvi ya kutosha wakakauka ncha. Nani angejua?

Akamwinamia mmoja. Kadi ilikuwa ikining'inia hapo shingoni, na mche ulikuwa na majani mapana yenye rangi nzuri. Akafikiri: hii rangi imetoka wapi? Imetoka kwa bakteria wangu. Wametolewa kwenye chungu kimoja kwa kijiko cha chai, wakahamia kwa jirani katikati ya chumvi bila barua ya uhamisho, wakaanza kazi. Walichofanya ni kikubwa kuliko alichowaomba. Kuikata miche sasa ilikuwa ni kuwatolea bakteria hao ushahidi wa uongo. Akarudisha mkasi jikoni akiwa na aibu, akamkuta Nesi anachambua mchele.

Alhamisi saa nne Mkurugenzi alifika, nyuma yake mkuu wa kantini, ambaye alidai amekuja kusindikiza tu ingawa utepe wa kupimia ulionekana mfukoni. Kwenye mlango wa uani walizuiwa na Nesi, amevaa sare yake nyeupe ya zamani iliyopigwa pasi, ana birika na beseni.

"Mikono kwanza," alisema.

Mkurugenzi hakuwa amenawishwa na mtu tangu utotoni. Alifungua mdomo ili aeleze cheo chake, akamwona Nesi alivyomtazama, akanyoosha mikono. Mkuu wa kantini alinawa mpaka viwiko.

Kisha Mkurugenzi akapita kati ya vyungu, mikono nyuma, akasoma utepe mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomtisha Mama Vijidudu zaidi.

"Wekundu wamepewa, weupe hawakupewa," alisema. "Sioni tofauti ya kunishawishi. Halafu uliniandikia vyungu ishirini na vinne. Hapa naona ishirini na kimoja."

Mama Vijidudu hakuwa amehesabu. Tangu Jumanne alikuwa akiona kijani tu.

"Watatu wako wodini," Nesi akasema.

Wote wakamgeukia. Nesi akaweka beseni chini, akawaongoza nyuma ya tangi la maji, ambapo alikuwa ametundika shuka kuukuu kama pazia. Akalivuta. Chini yake palikuwa na vyungu vitatu vyenye utepe mweupe, na ndani yake miche mitatu ya manjano, mifupi, imekonda, majani yamekunjamana.

"Hawa walipata vidukari, wale wadudu wanaofyonza majani," alisema. "Nikawatenga wasiambukize wenzao. Mtoto mwenye homa sisi hatukuwa tukimchanja. Homa iliisha, lakini nikasema wanenepe kwanza ndipo niwachanje. Nikangoja, nikangoja, hawanenepi."

Mama Vijidudu alielewa papo hapo: alikuwa bado na wa kulinganishia. Alizifungua kadi zote kutoka kwenye vyungu, akazisambaza juu ya ukuta mfupi wa uani. Alikuwa ameziona tangu Jumanne akakataa kuzisoma, maana alizichukulia kama utani wa mzee. Sasa akaona kwamba kila mche ulikuwa umepimwa urefu kwa rula kila Jumatatu bila kukosa, na urefu umewekwa nukta, na nukta zimeunganishwa kwa mstari, pale pale ambapo zamani palichorwa uzito wa mtoto. Tarehe ya chanjo. Aliyetoa udongo. Rangi ya majani. Katika miaka yake tisa hakuwahi kuweka kumbukumbu safi namna ile, na hilo lilimkera kidogo.

"Mama," alisema, "hebu wapange kwa tarehe."

Nesi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akasogeza vyungu kama alivyokuwa akipanga foleni za wanawake wenye watoto mgongoni. Mwanzo wale watatu wa manjano. Kisha watatu waliochanjwa Jumatatu ya mwisho, ambao ndiyo kwanza kijani kilikuwa kinaanza kuwapanda. Kisha waliochanjwa kabla ya hao, warefu zaidi. Kisha wa kwanza kabisa. Mwishoni wekundu kumi na wawili. Ilikuwa ngazi. Hata mtu aliyekuja kwa ajili ya jokofu aliiona.

Mkurugenzi aliinama, akainuka, akainama tena.

"Labda ni vidukari waliowadhoofisha hawa watatu," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Nesi akachomoa kadi mbili. "Hawa wawili wenye mwekundu walilazwa wodi hiyohiyo, wiki hiyohiyo, vidukari walewale, nikawafuta kwa maji ya sabuni yaleyale. Waliruhusiwa kutoka wakiwa wazima. Hawa hapa. Watazame."

Mkurugenzi akawatazama. Mama Vijidudu, ambaye sasa ulimi ulikuwa umefunguka, akang'oa mche mmoja wenye utepe mweupe uliochanjwa, akasuuza mizizi kwenye ndoo, akamwonyesha vinundu. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa cha waridi, kama ulimi wa mtoto mwenye afya, na rangi hiyo, alieleza, ndiyo dalili kwamba bakteria wako kazini. Akafukua kidogo pembeni ya mche mmoja wa manjano, akaonyesha mzizi mtupu.

"Kwa hiyo," Mkurugenzi akasema polepole, "wanahama, wanaishi kwenye chumvi, na kijiko kimoja kinatosha."

"Kilichochemshwa," Nesi akasema.

Mkurugenzi alicheka, jambo ambalo taasisi haikuwa na kumbukumbu nalo. Alisema chumba kibaki, viti vitafutiwe pengine. Akataka nakala za kadi zote, na akauliza kama mama huyu angekubali kuja siku mbili kwa wiki kufundisha wataalamu wake kuweka kumbukumbu. Mkuu wa kantini aliusukuma utepe wake ndani zaidi mfukoni, akauliza, kwa vile amekwishafika, kama kunde zikikomaa zitauzwa. Mlangoni Mkurugenzi akageuka na kutoa agizo la mwisho: wale watatu wa manjano wasiguswe, wabaki hivyohivyo mpaka siku ya mavuno, maana bila wao hakuna cha kulinganishia.

Walipoondoka, Mama Vijidudu alisimama mbele ya Nesi akiwa bado na mzizi mkononi.

"Mama, nilikutamkia neno baya. Nisamehe."

"Ulikuwa umetoka safari," Nesi alisema. "Na tumbo tupu." Akachukua beseni lake, na jambo hilo likawa limekwisha.

Lakini jambo la wale watatu halikuwa limekwisha. Jumatatu asubuhi Mama Vijidudu alimkuta Nesi nyuma ya tangi, amevaa sare, ana sufuria yenye kijiko kinachotoa mvuke.

Akamweleza tena, kwa upole kadiri alivyoweza. Utafiti ndivyo ulivyo, lazima awepo ambaye hakupewa. Mkurugenzi ameagiza. Yamebaki majuma matatu tu. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba katika miaka thelathini na minne amewahi kukosa chanjo, amewahi kukosa sindano, amewahi kukosa hata mshahara, lakini hajawahi kumwandikia mtoto kadi halafu akamwacha kwa makusudi. Wakitaka wa kulinganishia, wapande wengine ambao yeye hajaonana nao. Akamkabidhi zile kadi tatu asome mwenyewe.

Mama Vijidudu alizipokea ili asibishane. Siku ile ya Mkurugenzi alikuwa amesoma nukta na tarehe tu. Hakuwa ametazama mistari ya juu. Jina la mtoto: Kunde, wa kumi na tisa. Tarehe ya kuzaliwa: siku aliyopanda mbegu. Jina la mama: na hapo, kwa herufi zilizonyooka, majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye hati ya mshahara, ambayo hata mumewe huyakosea. Bibi: Nesi. Akaitazama kadi ya pili. Ya tatu. Akaenda kwenye vyungu vingine, ambako kadi zilikuwa zimefungwa tena, akazigeuza moja moja, na zote zilikuwa hivyo. Nesi alikuwa ameandika jina lake mara ishirini na nne.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nesi aligeukia tangi akajifanya anakagua bomba.

Baada ya muda Mama Vijidudu alichukua rula, akawapima wale watatu, akawapiga picha kwa simu, akaandika kwenye daftari lake la kazi kwamba leo, juma la tisa, wa kulinganishia wamechanjwa, na sababu ni kwamba mtafiti ameamua hivyo na yuko tayari kujieleza. Kisha akakunja mikono ya blauzi.

"Homa imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha," Nesi alisema, akampa kijiko.